Futa akiba, futa data

Kwenye simu ya mteja wangu mmoja kulikuwa na vitufe viwili vilivyokaa bega kwa bega. Kimoja kilisomeka Futa data, cha pili Futa akiba. Makala haya yanahusu vitufe hivyo. Msomaji asinicheke mapema. Nimeshasoma uhakiki wa riwaya nzima uliokuwa na sababu ndogo kuliko hii.

Mimi ni fundi kompyuta wa Rugera, Karagwe. Nina chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa mbili, kompyuta ya mezani na laptop mbili za mtumba. Watu wanapaita steshenari, ingawa kalamu na madaftari ninayouza hayajazi hata rafu moja. Waliomaliza kidato cha sita huja kuomba mkopo wa chuo, vijana huja kuhangaika na Ajira Portal, wafanyabiashara huja kufuatilia TIN. Wateja wangu wa kudumu ni maduka kadhaa ya huku kwetu na machache ya Kyerwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya inayojitegemea lakini kwa biashara bado ni shamba moja na sisi. Hao ndio ninaowawekea programu, ninaowatengenezea printa, na wanaonipigia simu saa tatu usiku kwamba "mashine imegoma".

Ukiondoa vumbi na nyaya, kazi yangu ni kusoma. Mtu ananinyooshea simu juu ya kaunta: "Hebu nisomee, inasemaje hii?" Kusoma anajua, tena vizuri. Anachouliza ni maana. Skrini imemwambia jambo kwa maneno ambayo yote anayafahamu, na bado hajaelewa anatakiwa afanye nini. Mwalimu wangu wa fasihi sekondari alikuwa na swali moja aliloliuliza kila kipindi mpaka tukamtania nalo: huyu msimulizi anaongea na nani? Sikujua kwamba nitalitumia zaidi kwenye simu kuliko kwenye tamthiliya.

Nianze na matini iliyoandikwa vizuri. Karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuipokea, kwa umbo hili au linalofanana nalo: ile hela itume kwenye namba hii. Ni kazi ya matapeli, na ni kazi safi. Liangalie neno ile. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna kiasi. Neno moja la silabi mbili linadai kwamba mimi na wewe tulishazungumza, kwamba hela yenyewe tunaijua, na kwamba kilichobadilika ni namba tu. Pengo lote analijaza msomaji. Mama anayetafuta ada ya mwanawe aliyeko Bukoba analijaza kwa ada. Mnunuzi wa kahawa analijaza kwa malipo ya magunia. Mwandishi hakuhitaji kumjua yeyote kati yao. Alihitaji kujua jambo moja tu kuhusu maisha yetu, kwamba siku yoyote ile kila mtu ana hela aliyoahidi mahali. Ujuzi huo wa jamii sijauona kwenye programu yoyote niliyomwekea mteja. Tapeli alisimama kwenye kaunta yetu akasikiliza. Aliyeandika Futa akiba hakusimama.

Sisemi hivyo kuwadharau watafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kuzipa programu zake Kiswahili. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nilikutana na Jambo miaka mingi baadaye, kwenye CD iliyokwaruzika ya rafiki yangu wa chuo, na nakumbuka nilivyocheka kwa furaha, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao kwenye kituo cha basi cha mbali. Watu walikaa vikao kwa ajili ya maneno hayo. Walibishana kati ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Majirani zetu Wakenya wanaendelea na tarakilishi, neno lenye tarakimu na akili ndani yake, nasi tukabaki na kompyuta, na sioni aliyepungukiwa.

Shida iko kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika. Mtafsiri wa programu hapewi skrini. Anapewa faili lenye mistari mamia au maelfu, Kiingereza upande huu, nafasi tupu upande ule. Neno moja linasimama peke yake kama mtu aliyeshushwa njia panda usiku. Nimewahi kujaribu kujitolea kazi hiyo, jioni mbili, na jioni ya pili nililala nikiwa nimebishana na nafsi yangu kuhusu neno la Kiingereza linaloweza kuwa "bure" au "wazi" kutegemea kama linahusu bei au nafasi. Faili halikusema. Nikachagua, nikaendelea. Inawezekana mahali fulani kuna simu inayomwambia mtu kwamba ana nafasi ya bure, naye anashangaa ukarimu huo unatoka wapi.

Kwa hiyo tumepata Kiswahili ambacho kila neno ni sahihi na hakuna aliyewahi kukizungumza. Chukua ghairi. Ni neno tamu la pwani, la mtu aliyebadili nia. Huku kwetu, ambako Kiswahili kilikuja baada ya Runyambo na herufi za r na l hazigombani, mzee mmoja alikataa katakata kubonyeza kitufe hicho kwa sababu alikisoma kuwa ni ghali. Alidhani atakatwa hela. Chukua hifadhi, ambalo limebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja: kutunza faili, mahali faili linapokaa, na nakala ya dharura. Karagwe na Kyerwa hifadhi ni kitu kingine kabisa. Tangu mwaka 2019 tuna Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na ile ya Ibanda-Kyerwa, na mfugaji wa huku anajua maana ya kitu kuwa ndani ya hifadhi: hukigusi. Nikimwambia picha za harusi ya binti yake ziko kwenye hifadhi, ananitazama kama mtu aliyeletewa faini.

Kuna maneno yaliyofaulu, na ukiyachunguza utaona hayakupitia kwenye lile faili. Luku ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lakini nani anakumbuka? Luku imeisha, nimenunua Luku, Luku inalia. Neno lina kilio chake kabisa. Kishikwambi lilikuwa neno la kuchekesha mpaka Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wamekishika mkononi. Baada ya hapo vishikwambi vikaenda kwa walimu, na leo hakuna anayecheka. Linalonivutia zaidi ni muamala. Lilikuwa neno la vitabu vya sheria ya Kiislamu, mambo baina ya mtu na mtu yakitenganishwa na ibada. Mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, neno hilo lilishuka kutoka darasani likaenda kukaa kwenye kibanda cha wakala chini ya mwamvuli. Sasa binti wa kidato cha nne anasema "muamala wako haujakamilika" bila kujiona msomi. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021, nchi nzima ilinung'unika kwa wingi sahihi wa ngeli.

Maneno haya yalikuja yameshikamana na kitu chenye uzito mkononi: umeme, kishikwambi, noti. Hakuna aliyeyasoma kwanza. Waliyasikia yakitumika na mtu aliyesimama mbele yao, na wakikosea walirekebishwa palepale, kwa hasara ya shilingi mia mbili.

Turudi kwenye vitufe.

Mwenye simu ni mama wa makamo mwenye duka la vyakula, sabuni, mafuta ya taa na pembejeo kidogo. Ananiita mwanangu, na akikasirika ananiita fundi. Nilikuwa nimemshawishi aachane na madaftari ya madeni, atumie programu ya mauzo ya kwenye simu. Kwa kujivuna kwangu simu nzima niliiweka Kiswahili. Niliamini, na bado naamini nusu, kwamba mtu hapaswi kuendesha duka lake mwenyewe kwa lugha ya kuazima. Nakala ya dharura sikuiwasha siku ile, kwa sababu ilitaka bando la kila mara na mama alikuwa na haraka ya kufungua duka. Nilisema nitapita wiki ijayo. Kosa hilo ni langu, wala sitalisukumia Kiswahili.

Mwezi wa Aprili, kabla kahawa haijaanza kuingia, simu ikawa nzito. Akanipigia. Nilikuwa Omurushaka, kichwa ndani ya printa, mikono imejaa wino. Nikamwambia: "Mama, ingia kwenye mipangilio, tafuta programu ya duka, halafu uende pale pa kukliya keshi."

"Keshi?"

"Ndiyo, keshi. Usiogope, haina madhara."

Kichwa changu kinafanya kazi kwa Kiingereza nikiwa na haraka. Ni aibu ya mafundi wengi. Tunasifia Kiswahili kwenye maadhimisho ya tarehe 7 Julai, tunatoa maelekezo kwa Kiingereza kilichovunjika siku zilizobaki. Na dukani, keshi ina maana moja tu: unalipa keshi au unakopa? Mama alitafuta keshi kwenye skrini asiione. Akaona vitufe viwili. Baadaye, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya sukari, alinieleza alivyofikiri, na nimeyaweka maneno yake moyoni: "Akiba siwezi kuifuta. Nani anafuta akiba yake? Data ilikuwa imebaki kidogo tu, nikasema nitanunua bando jingine."

Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili cha Tanzania ya leo, data ni MB. Washa data, zima data, data imekata. Simu ilimuuliza kama ana uhakika, ikamwonya kwamba data yote ya programu itafutwa. Akajibu sawa, kwa sababu alikuwa na uhakika. MB zake zilibaki salama salimini. Yaliyoondoka ni madeni ya nyumba sabini na kitu.

Nimeitafakari tafsiri yake mara nyingi, na kila mara inazidi kunishinda. Kila hatua ni sahihi. Alipima maneno mawili kwa thamani yake katika maisha anayoyaishi, akatoa kafara lile la bei nafuu. Akiba kwetu haiozi. Ni neno la vikoba, la wazazi, la kiazi kilichoachwa ardhini kwa ajili ya kesho. Mwanafunzi wa fasihi akiniletea usomaji makini kiasi hicho nitampa alama zote. Aliyekosea ni matini.

Namtetea kidogo mtafsiri. Neno la Kiingereza analotafsiri lina asili ya Kifaransa, kuficha, na kwenye kompyuta ni vitu ambavyo mashine imevitenga kando ili isivitafute upya. Kutenga kando: akiba. Kamusi haimpingi. Ila alichukua nusu ya maana, ile ya kuweka, akaacha nusu inayosema kwamba kitu hicho kimewekwa kwa kutupwa muda wowote. Akiba kwa tabia yake haitupwi. Bei ya neno ndiyo iliyokosewa.

Nilijaribu kumweleza mama haya siku ileile. Nilikuwa nimekuja mbio na pikipiki, nimejaribu kila kitu ninachojua cha kurudisha vilivyofutwa, na sikuwa nimerudisha hata jina moja. Nikamwambia ile iitwayo akiba ni vitu ambavyo simu ilishavipika jana, imeviweka ili leo isihangaike kupika tena. Ukivitupa hupotezi kitu, simu itapika upya, itachelewa kidogo tu. Na vikikaa sana vinaharibika, ndiyo maana simu inaanza kuumwa.

Akanitazama. "Sasa fundi, si kiporo hicho?"

Nilinyamaza. Nimesomea kompyuta miaka mitatu. Nimesoma maelezo ya jambo hili kwenye vitabu vya Kiingereza, mengine yakiwa na michoro na mishale. Hakuna hata moja lenye mambo matatu kwa pamoja kama neno lile: kimewekwa ili kuokoa kuni, kikimwagwa hakuna atakayelala njaa, kikikaa sana kitaumiza tumbo. Mwaga kiporo. Hata kitenzi ni tofauti. Hakuna anayefuta kiporo, na hakuna anayesita kukimwaga.

Nasikia pingamizi kutoka kwa wenzangu waliosoma: kiporo ni neno la jikoni, halina hadhi ya istilahi. Nawauliza kipanya ni neno la ofisi gani.

Hapa ndipo ningeweza kuishia, na makala yangekuwa na umbo zuri, lakini ningekuwa nimedanganya. Kwa sababu hata kama kitufe kingeandikwa Mwaga kiporo, programu ile ilikuwa mbovu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona mpaka ilipotoweka. Nililazimika kuitathmini ikiwa maiti.

Tulipoanza kuyakusanya madeni upya, mama alitoa daftari lake la mwisho kabla sijamharibia utaratibu. Nililisoma kama mtu anayesoma kitabu cha mpinzani wake. Wadeni wengi hawakuwa na majina. Waliandikwa kwa mahali na kwa nasaba: yule wa mwembeni, mke wa dereva, baba yake na pacha, mwalimu wa hesabu. Programu yangu ilitaka jina la kwanza, jina la ukoo na namba ya simu, na bila namba ilikataa kuendelea. Nakumbuka nilimwambia mama aandike namba yake mwenyewe kwa wale wasio na simu. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za programu, mama alikuwa akijidai mwenyewe mara kumi na kadhaa.

Kisha ilitaka tarehe ya kulipa. Daftari halina tarehe ya kulipa. Lina neno kahawa. Sukari kilo mbili, kahawa. Sabuni mche mmoja, kahawa. Maana yake atalipa kahawa ikivunwa, ikakauka, ikauzwa, na malipo yakatoka; na hakuna mtu wa Karagwe atakayekutajia siku. Kuna wanaoshindwa kusubiri, wakauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, ndiyo hiyo butura inayopigwa marufuku kila msimu na kuendelea kila msimu. Mama yeye huwakopesha kwa neno tu, na neno lenyewe ni kahawa. Mimi nikamwambia aweke tarehe 30 Juni kwa wote. Programu ingefika tarehe 1 Julai ikawapaka rangi nyekundu watu sabini kwa mpigo, na kuandika mbele ya kila mmoja kwamba amechelewa. Hakuna aliyechelewa. Kahawa haikuwa imefika.

Hili ndilo ninalolilaumu zaidi sasa ninapoangalia programu za biashara ndogo zinazoletwa kwangu. Kiswahili chake kinazidi kuwa kizuri. Menyu zimenyooka, makosa ya ngeli yamepungua, wameajiri watu wanaojua lugha. Lakini mwendo wa wakati uliomo ndani yake ni wa mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi. Unaweza kutafsiri kila neno na bado ukaacha kalenda ya ugenini ikiwa imekaa katikati ya sebule.

Na daftari lina jambo jingine. Deni likilipwa, mama halifuti. Analikata. Anapiga mstari juu yake, mmoja, ulionyooka, na chini ya mstari maandishi yanasomeka bado. Ukipekua kurasa za nyuma unamwona yule wa mwembeni amekopa na kulipa, amekopa na kulipa, miaka minne. Ndiyo maana bado anakopeshwa. Kwenye programu, aliyelipa alitoweka kwenye orodha. Orodha ilionyesha wanaodaiwa tu, kana kwamba uaminifu ni kutokuwepo.

Wenzangu huniuliza kama basi nimeacha kuweka programu hizi. Sijaacha, nina kodi ya chumba. Ila nimebadili mambo. Kompyuta za ofisi naziacha kwa Kiingereza bila kuona haya, kwa sababu zikigoma nitatafuta suluhisho mtandaoni, na suluhisho lipo kwa Kiingereza. Nanunua laptop na si kompyuta ya mezani, hata kama ni mtumba na kibodi yake ina herufi za Kijerumani, kwa sababu umeme wetu wa Kagera, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukiununua Uganda, hauagi unapoondoka. Simu namuuliza mwenyewe lugha anayotaka, halafu namwambia anisomee vitufe kwa sauti na kunieleza vina maana gani kwake. Hapo nanyamaza na kusikiliza. Inachukua nusu saa ambayo hakuna anayenilipa. Nimejifunza mengi. Kuna kijana wa bodaboda wa Nkwenda aliyeamini kwamba arifa ni jina la kampuni. Na jirani zangu walioko karibu na Murongo, ambao simu zao hukamata minara ya ng'ambo na kukaribishwa Uganda kwa Kiingereza wakiwa migombani kwao, wameacha kabisa kusoma chochote ambacho simu inawaambia. Siwezi kuwalaumu.

Kwa mama nilijitolea kuigeuza simu iwe Kiingereza. Alikataa. "Hiki nimeshajua kinapouma," alisema. Programu ya duka anaitumia kuhesabu mauzo ya siku. Madeni yamerudi kwenye daftari, na mara moja kwa wiki binti yake hupiga picha kurasa mpya akanitumia WhatsApp, nami nazitunza sehemu mbili. Huo ndio mfumo wangu wa nakala ya dharura ninaojivunia kuliko yote niliyowahi kufunga, na hauna kitufe hata kimoja nilichokiandika mimi.

Kuyarudisha yale sabini na kitu kulichukua karibu mwezi. Habari ilienea haraka kwamba simu ya mama imekula madeni. Wengine walikuja wenyewe. Mzee mmoja alileta kipande cha boksi la sabuni alichokuwa ameandikia hesabu zake tangu mwanzo, kwa sababu hakuwa ameiamini simu, na akaomba radhi kwa kutoiamini. Mwanamke mmoja alitaja deni kubwa kuliko mama alilolikumbuka, wakabishana, kila mmoja akimpunguzia mwenzake. Wengine hawakuja. Mama aliwajua na hakuwataja, aliacha mistari mitupu kwenye ukurasa akasema kahawa itakapoingia wataonana.

Mimi pia nilikuwa mdeni. Fundi hukopa kama watu wengine: mkate, vocha, sukari, na wakati ule nilikuwa na mgeni nyumbani. Siku ya pili jioni, mama alifungua daftari jipya, akaandika fundi, akashika kalamu juu ya karatasi akinisubiri niseme.

Nilisema elfu kumi na nane. Akaandika. Nimepiga hesabu mara nyingi tangu siku ile, kwa vocha na mikate, na bado sina hakika.